Mashine ya randa ya kilo 600 imenasa kwenye ngazi za kushukia chumba cha chini, naombeni akili maana nguvu tumeshatumia zimeisha

#1 Randa ya Mawe

Wakuu habari za jioni. Naandika nimekaa juu ya ndoo ya rangi nje ya nyumba ya mama mkwe hapa Mwanza, mbele yangu kuna kamba na kwenye kamba kuna chuma cha Mwingereza, na leo silali ndani.

Kwa kifupi, kijiwe changu cha useremala kilikua barabarani chini ya turubai, nimeambiwa nipishe. Nyumba ya mkwe ipo mlimani, si mnazijua nyumba zetu za huku, mbele unaona nyumba ya kawaida ukizunguka nyuma unakuta ghorofa, chini kuna chumba kizima cha mita 5 kwa 7 kilikua cha kuku. Nikaomba nikapewa. Nikasema hapa hapa ndo karakana.

Sasa kwenye mnada wa karakana moja ya zamani Dar nilipata Wadkin, ile ya randa juu (kunyoosha ubao) na thikinesa chini (kuupunguza unene ulingane), imetengenezwa Leicester enzi za babu zetu, chuma cha kasti (cha kumimina) mwanzo mwisho. Kwa wanunuzi wa chuma chakavu tuliipandisha mizani ikasoma 640. Ikapanda Fuso ikaja zaidi ya kilomita elfu moja mia moja salama, barabarani pale juu tukachimba mashimo ya matairi ya nyuma ili bodi ishuke usawa wa kingo, ikatoka kama malkia. Kutoka pale hadi nyuma ya nyumba tukaisukuma juu ya mabomba, freshi tu. Mi nikajua kazi imeisha.

Ngazi zenyewe ni za zege, 8 za kwanza, zinafika sehemu bapa inakunja kona kushoto, afu 6 za mwisho unaingia mlangoni. Nikatafuta vijana 12. Nikatandika mbao mbili za inchi 2 kwa 10 juu ya ngazi, na kwa akili zangu nikazipaka grisi iteleze vizuri. Wanane wakashika kamba juu, wanne wakakaa chini "kuipokea". Harambee! Ikateleza kweli. Ilienda ngazi tatu kwa pumzi moja, walioshika kamba wakaburuzwa kama mbuzi, kamba ikajizungusha yenyewe kwenye mwembe ndo ikasimama. Mmoja wa walio chini ndala yake ipo mpaka saivi chini ya chuma, mguu aliuchomoa. Anacheka lakini mikono inamtetemeka, nimempa soda na nauli.

Saivi ipo ngazi ya tatu, imefungwa kwenye mwembe, nimeiwekea jiwe. Vijana wanasema kesho waje 20. Wakuu, watatosha?

#2 Lete Mrejesho

Uzi bila picha ni ugali bila mboga. Weka picha ya ndala.

#3 Mzee wa Keko

Mkuu pole na shukuru Mungu. Nipo Keko hapa Dar miaka mingi, nimeshusha na kupandisha mashine nisizozihesabu, nakujibu kwa mfuatano wa haraka maana usiku huu una hatari.

Kwanza jiwe sio breki, jiwe linaviringika. Tafuta kabari mbili za mbao ngumu zipigwe mbele ya kitako cha mashine, na kamba ya pili iende kwenye kitu kingine tofauti na huo mwembe, jabali lolote hapo kwenu hayakosekani. Zungushia tairi bovu kwanza maana jabali linakata kamba kama msumeno. Ile ya kwanza ikikatika ya pili inakukuta umelala.

Pili kesho usiite watu 20. Ita wanne wanaosikia.

Tatu hiyo mashine mmeishusha ikiwa na mota? Na visu vipo ndani?

#4 Randa ya Mawe

Mota ipo mzee wangu. Na visu vipo. Kamba ya pili nimeshafunga saivi, na tairi nimeweka.

#5 Mzee wa Keko

Haya. Hao vijana walikua wanakumbatia mashine yenye visu vitatu au vinne vimetazama juu halafu mnaimba harambee. Asubuhi kabla ya chai toa visu. Toa mota, toa mikanda, toa fensi (ukingo wa kuegemezea ubao), toa makava yote na magurudumu ya mkono yale yanayochomoza pembeni maana ndo yatakayogoma mlangoni. Piga picha kila hatua kwa simu, na nati za kila sehemu ziwe na mfuko wake umeandikwa, hili nalisisitiza.

Meza za juu USIGUSE. Watu wanakimbilia kutoa meza, kuja kuzirudisha zilingane ni siku mbili za matusi. Na ukifunga kamba usifunge kwenye meza wala kunyanyulia hapo, zile zinakaa juu ya reli za mshazari, ukizining'iniza zinalegea na ubao ukipita unatoka umebinuka kama ndizi. Funga kwenye mwili, chini kabisa.

#6 Mama Mninga

Mzee wa Keko heshima yako lakini hapo kwenye meza nakataa. Nina karakana Arusha na mashine yangu ni aina hiyo hiyo. Meza moja peke yake inafika kilo 60 na zipo juu kabisa, ndo zinafanya mashine iwe na kichwa kizito, kwenye mteremko inataka kupiga mweleka. Siku mbili za kusawazisha si bora kuliko siku arobaini za kukaa wodini? Toa meza kijana.

Halafu hakuna aliyeuliza, hicho chumba cha kuku ukuta wa nyuma unaegemea mlima. Mvua zikinyesha huo ukuta unatoa jasho au hautoi?

#7 Mzee wa Keko

Mama umeongea kama mama. Lakini mimi meza sitoi.

#8 Ticha wa Fizikia

Wakuu nimesoma huu uzi nikacheka nikaogopa. Randa ya Mawe nipe vipimo viwili tu, ngazi moja inaenda juu sentimita ngapi na pa kukanyagia ni sentimita ngapi.

#9 Randa ya Mawe

17 kwenda juu, 28 pa kukanyagia. Nimepima kwa tochi ya simu jirani anafikiri nina wazimu.

#10 Ticha wa Fizikia

Safi. Huo ni mteremko wa nyuzi 31 hivi. Kwa mteremko huo uzito unaovuta kwenda chini ni kama nusu ya mzigo, kwahiyo kilo 640 inavuta kama kilo 330. Sasa kinachokusaidia ni msuguano wa mbao kwa mbao, ukikadiria kipimo chake 0.35 hivi unakula sehemu kubwa ya hiyo 330. Ila wewe bwana mkubwa ukaenda kupaka GRISI. Msuguano ukashuka tuseme 0.1, ukabakiwa na mzigo wa karibu kilo 280 unaokimbia, na vijana wamesimama juu ya zege wamevaa ndala. Ulikua unajipinga mwenyewe. Mashine haikutaka kusaidiwa kushuka, kushuka inajua. Ulichokosa ni breki.

Fikiria tena hivi, ukitoa mota na meza na hayo makorokoro ukabakiwa na kilo 410, ukatumia mbao kavu, unachopaswa kuzuia ni kama kilo 90 tu. Tisini sio 280.

Na kuna zawadi ambayo mwembe ulikupa bure leo na hukuiona. Kamba ilipojizungusha ikasimama yenyewe. Kamba ikizunguka shina mara moja nguvu unayohitaji kushikilia inapungua zaidi ya mara sita, ikizunguka mara mbili inapungua kama mara arobaini. Kilo 90 zako ukizungusha mara mbili mtu anashikilia kwa kilo mbili, mtoto wa darasa la tatu anaweza. Kwahiyo watu 20 wa nini?

#11 Lete Mrejesho

Ticha ungenifundisha hivi nisingekua bodaboda.

#12 Nahodha Mstaafu

Asalaam alaykum. Mie wa Pangani, nimekula chumvi na majahazi. Alosema Ticha ni kweli tupu na sisi twalijua bila hesabu. Chombo kikishushwa majini hupangwa magogo chini ya mkuku (ubao mkuu wa chini ya chombo), magogo hupakwa mafuta, watu huvuta kwa wimbo. Lakini tazama, pwani mchanga ni tambarare na chombo hakitaki kwenda, ndio maana tunapaka mafuta. Pahali penye mteremko mkali mafuta huondolewa na kamba ya nyuma hushikwa kwa abedari na kapi (magurudumu ya kupitishia kamba), mtu anaachia taratibu kama anayemwaga asali. Mwanangu ulichukua dawa ya tambarare ukaipeleka kwenye mteremko.

Kwenye kona yako hapo ngazi ya nane kamba itapinda, itakwenda kusugua ukuta. Hapo weka kapi, uifunge kwenye nguzo ya nyumba usawa wa kitako cha mzigo, kamba ipite humo ndipo ishuke kushoto. Na kamba iwe ya katani, mpya. Nailoni inavutika, unaona mzigo umesimama kumbe kamba inajikusanyia hasira.

#13 Bongo Minnesota

Hapo kwa nailoni Nahodha kaniokoa kuandika aya nzima. Mi nipo Marekani huku Minnesota, nyumba karibu zote zina besimenti, sababu ardhi inaganda kipindi cha baridi kwahiyo sheria inataka msingi ushuke chini ya pale udongo unapoganda, kusini mwa jimbo kama mita 1.1 kaskazini mita 1.5, sasa watu wakishachimba hivo wanaona si bora kuendelea kidogo kupata chumba. Na kila mwenye besimenti siku moja ataamka aseme anataka karakana.

Mimi nilishusha msumeno wa meza kama kilo 200 na bendisoo (msumeno wa mkanda). Tofauti yangu na yako ngazi zangu ni za mbao, zimekaa juu ya mbao tatu za ubavu tu hazina kitu chini, ikabidi nisimike nguzo za mbao chini yake kwanza. Halafu sina mwembe. Nikachukua boriti ya mita mbili nikailaza nje ya mlango wa kushukia ikiwa imekingama, yani inavuka fremu huku na huku, winchi ya mkono ikafungwa hapo, huo ukuta wote ndo ukawa mwembe wangu. Mara ya kwanza nilitumia mkanda wa nailoni, msumeno ukawa unashuka kwa kuruka, unakaa kimya, unakaa kimya, afu PU ngazi moja. Mke wangu alipanda juu akafunga mlango akasema nikifa nisimuite. Nikabadilisha nikaweka cheni.

Msumeno ule niliugeuza kichwa chini, meza ya kasti ikawa ndo kitako, uzito ukawa chini hautaki kuanguka. Lakini hiyo ni kwa msumeno, randa usijaribu.

Kitu cha mwisho, na hiki sitaki mtu abishe: hakuna mtu chini ya mzigo. Hakuna wa kupokea. Kitu cha kilo 400 hakipokelewi.

#14 Mzee wa Keko

Hapo naongezea, anayeachia kamba ndo anaongea peke yake. Wengine wote midomo kimya. Mkiimba harambee kila mtu anakua kiongozi.

#15 Randa ya Mawe

Wakuu nimesoma yote, nimeyarudia mara mbili. Maswali mawili kabla sijakacha. Moja, mbao zangu zimeshalowa grisi, nizioshe na petroli? Pili pale kwenye kona nageuzaje chuma cha kilo 400 kwenye sehemu ya mita moja na robo.

#16 Mama Mninga

Petroli karibu na nyumba ya watu? Geuza mbao juu chini baba. Upande wa pili si mkavu.

#17 Ticha wa Fizikia

😂😂😂 nilikua naandaa jibu la majivu na mchanga. Mama kamaliza.

#18 Nahodha Mstaafu

Kwenye kona sasa ndipo mafuta yako yana kazi, maana hapo ni tambarare. Laza kipande cha bati laini, kisiwe cha mgongo mgongo, paka sabuni ya mche iliyoloweshwa, mzigo ukishakaa juu yake unausukuma pembe kwa mtaimbo unazunguka kama sinia. Lakini kamba isilegezwe hata kidogo, na ukimaliza sabuni ifutwe kabla ya kuanza zile ngazi sita.

#19 Jamaa wa Ngong Road

Niaje wasee. Mimi hutengeneza viti hapa Nairobi. Kabla ushushe, umeuliza hiyo mota ni ya thrii fezi (umeme wa nyaya tatu za moto)? Hizo mashine za zamani za karakana karibu zote ni thrii fezi na kwa nyumba uko na fezi moja tu. Utashusha tani nzima ukose stima ya kuiwasha.

#20 Randa ya Mawe

Kaka umenigusa pabaya. Ni thrii fezi kweli. Fundi umeme ameniambia niombe kuwekewa thrii fezi au ninunue invata inayotoa fezi tatu kutoka kwenye moja. Bado napiga hesabu. Tuishushe kwanza.

#21 Ticha wa Fizikia

Ukichukua invata isome nguvu ya mota vizuri na uchukue iliyozidi kidogo, na kibati cha mota uangalie kama inaweza kufungwa mtindo wa pembetatu kwa volti 230. Mota nyingi za Ulaya zinakubali, za zamani sana wakati mwingine waya zimefungiwa ndani moja kwa moja zinataka 400 tu. Fungua kiboksi cha waya uone kama kuna ncha sita au tatu.

#22 Lete Mrejesho

Siku ya pili hii jamaa kimya. Mashine imemlalia nini.

#23 Randa ya Mawe

MREJESHO. Nipo hai na vijana wote wana vidole kumi kumi.

Jana asubuhi nikaanza kuvua. Visu kwanza kama alivyosema mzee, nikavifunga kwenye gazeti na gunia. Mota, mikanda, fensi, makava. Halafu nikaangalia meza. Mzee wa Keko nisamehe, nilizitoa. Mama Mninga alishanitia hofu ya mweleka na kweli nilipoisukuma juu kwa mkono mmoja ikiwa kwenye ngazi niliona inaitikia. Sikuitoa kienyeji lakini, kwanza nilichora mstari kwa msumari kwenye reli kila upande nijue zilikua zimekaa wapi. Kila meza watu wawili, zikashuka kwa miguu kama jeneza dogo.

Shangazi yake mke wangu ana mtoto wa darasa la sita yupo likizo, nikampa kazi ya mifuko ya nati. Aliandika vizuri sana, "nati za ubavu", "nati za mgongo", mwandiko mzuri kuliko wangu.

Vijana niliita wanne, na yule wa ndala alikuja mwenyewe bila kuitwa akasema lazima aone mwisho wake, nikamuweka juu kabisa mbali. Kamba ya katani mpya nikazungusha mwembe mara mbili, nikamkabidhi mzee jirani yangu ambaye alikua mpagazi wa gati hapa ziwani, mtu wa maneno machache. Kamba ya pili kwenye jabali, hii haibebi kitu inafuata tu, kijana mmoja kazi yake kuipunguza isilegee zaidi ya mkono mmoja. Mbao tukazigeuza. Mashine tulishaipandisha kwa jeki tukaikalisha juu ya kitako cha mbao, kama sleji hivi, mbao mbili ndefu na za kukingama tatu, mwili umefungwa humo kwa boliti zilezile za kuifunga sakafuni. Hapo ndo ndala ilitoka. Imekua nyembamba kama chapati.

Nikatoa kabari. Wakuu nawaambia, haikwenda. Ilikaa tu. Mzee akalegeza, ikasogea kama sentimita tano ikasimama. Akalegeza ikasogea. Mi nilikua nimejiandaa kwa vita, nimekaza tumbo, kumbe kazi yenyewe ni ya kuchosha kwa kusubiri. Ngazi tano zilizobaki mpaka kwenye kona ilichukua dakika kama ishirini na hakuna aliyetoka jasho ila mimi na ni la uoga. Yule mzee kuna wakati alikua ameshika kamba kwa mkono mmoja mwingine anachokonoa meno.

Kona ndo ilitusumbua. Bati na sabuni ilifanya kazi Nahodha Mungu akupe maisha marefu, lakini kitako changu nilikikata kirefu kuliko mashine, kikagota ukutani huku na huku. Tukakaa pale saa nzima. Ikabidi nishuke na msumeno wa mkono nikate ncha za kitako kikiwa palepale na kamba imekaza, sentimita 12 kila upande. Kapi tulifunga kwenye nguzo, tukafuta sabuni kwa tambara na majivu, ngazi sita za mwisho zikawa kama za kwanza. Mlango nilishang'oa fremu ya grili mapema, nafasi ilibaki vidole vitatu. Yale magurudumu ya mkono yangekuwepo tungelia.

Ndani tukarudisha mabomba chini tukaisukuma hadi kwenye nafasi yake. Jumla kutoka kabari ya kwanza hadi sakafuni ni saa tatu kasoro.

#24 Nahodha Mstaafu

Alhamdulillah. Huyo mzee wa gati msalimie, nimemjua bila kumuona.

#25 Mama Mninga

Hongera sana baba. Sasa rudi kwenye swali langu la ukuta ulilolikwepa.

#26 Randa ya Mawe

Sijakwepa mama 😅. Unatoa jasho. Sio maji ya kutiririka ila ukiweka mkono unahisi ubaridi na chokaa inabanduka sehemu za chini.

#27 Mama Mninga

Basi mashine isikae karibu na huo ukuta, iache mita nzima upate hata pa kupita. Kabla hujaifunga sakafuni weka chini yake vipande vya mpira mzito au mbao ngumu iliyolowa oili, hewa ipite. Meza za kasti kila jioni unafuta vumbi halafu unapaka oili nyepesi au nta ya mshumaa, maana vumbi la mbao linavuta unyevu, ukiliacha juu ya chuma usiku mmoja wa masika asubuhi unakuta kutu ina sura ya ubao. Nje juu ya ukuta chimba mfereji maji ya mlima yazunguke nyumba. Na mbao zako kavu usizilundike humo chini, utaranda mlango leo, ukifika kwa mteja kwenye jua unajikunja.

Halafu vumbi. Barabarani ulikua na upepo wa ziwa. Humo chini huna. Ukipasua mvule humo bila feni ya kutolea nje utapiga chafya hadi ukome, na ngozi itakuwasha. Madirisha yapo upande mmoja tu si ndio? Feni iwe upande wa madirisha inatupa nje, mlango uwe wazi uingize.

#28 Mzee wa Keko

Meza zimerudi? Sikuchokozi nauliza tu.

#29 Randa ya Mawe

Zimerudi mzee 😂 na siku mbili ulizosema zimekua tatu. Mistari ya msumari ilinipeleka karibu lakini sio pale pale. Nimetumia rula ndefu ya chuma ya mita moja na karatasi za sigara, karatasi ikivutika kwenye kona moja na ikibanwa kwenye nyingine najua wapi pameinuka, narudia kukaza. Matusi nimetukana kwa Kisukuma ili mama mkwe asielewe, kumbe anaelewa.

Sakafu nayo pima maji ilinionyesha inalala kuelekea mlangoni, nimeinua upande mmoja kwa vipande vya bati. Mota ina ncha sita kwahiyo Ticha tumeshinda, invata nimeagiza. Mama mkwe ameshaleta vipimo vya kabati la vyombo, ndo kodi ya kwanza.

#30 Bongo Minnesota

Siku ukihama utaipandishaje?

#31 Randa ya Mawe

Kaka usiniulize hivo usiku huu.

#32 Ticha wa Fizikia

Kupandisha msuguano unahamia upande wa adui. Kilo 90 zinakua zaidi ya 330, hapo mwembe hausaidii, unataka cheni bloku (winchi ya mnyororo). Ndo maana huko Minnesota watu wanauza nyumba na mashine ndani.

#33 Randa ya Mawe

Wakuu narudi na kitu kidogo. Invata imekuja leo, fundi umeme ameshafunga, nilikua nataka kuwasha jioni hii nirekodi video ya Lete Mrejesho. Sasa kwenye kusafisha nimekuta boliti moja imebaki. Ipo kwenye mfuko ulioandikwa "zingine". Ni fupi kama kidole cha mwisho, kichwa cha mraba, uzi wake (ile mikato ya kuzungushia) mwembamba. Nimezunguka mashine nzima kila tundu lina boliti yake. Nafikiri ni ya kava tu au ilikuja na mashine haina kazi.

#34 Mzee wa Keko

USIWASHE.

Chomoa kabisa ukutani. Kichwa cha mraba uzi mwembamba hiyo ni ya kubana kisu. Kila kisu kina kibanio na kibanio kina safu ya hizo, huwezi kuliona tundu lake kama umetazama kwa juu kwa sababu limegeukia ndani, zungusha roli ya visu kwa mkono taratibu hadi kila kisu kipite mbele yako na uhesabu. Hiyo roli ikiwaka inazunguka elfu nne na kitu kwa dakika, kisu kikilegea kinatoka.

#35 Randa ya Mawe

Nashuka kuangalia.

#36 Lete Mrejesho

Video basi sitaki tena.

#37 Mama Mninga

Umeona nini?

#38 Randa ya Mawe

Kisu cha tatu. Boliti zipo nne tu, vingine vina tano.

Nimekaa kwenye ngazi.